Mlaji hotelini si mwombaji

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika hoteli zetu ndogo kibaya nacho hujiuza, kwani mfanyakazi mwenye saa moja tu ya chakula hula palipo karibu.

Akibahatika, humkuta mama wa kibandani ambaye chapati zake hutoka moto, maharagwe yameiva, na maji ya kunawa huja kabla ya sahani. Akiomba mchuzi wa kuongeza, hakunjiwi uso. Asipobahatika, hupewa pilau ya jana iliyopashwa moto, nzi wametanda mezani, na akiuliza huambiwa, "Kama hutaki, toka!" Wengi hulipa na kunyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kunakoulea uchafu. Gharama ikipanda, mwenye hoteli ana haki ya kupunguza vipande vya nyama, si kupunguza sabuni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na fidia akidhurika. Haki hiyo ni ya mla sukuma wiki sawa na mla biriani. Basi aliyelishwa uchafu amwone afisa wa afya wa kaunti, na aliyelishwa vizuri awaelekeze wenzake huko.