Shauri la Mashimo: Nani Mwenye Amri?

Hakuna aliyekuja kuchimba mafuta Gatongora, na huenda asije. Hata hivyo mkulima wa huku yafaa asikilize habari za mahali yanakochimbwa, kwa sababu neno linalogombewa huko ndilo letu pia: shimo likichimbwa karibu na shamba lako, ni nani mwenye amri ya kusema lichimbwe au lisichimbwe?

Huko Marekani kuna njia ya kutoa mafuta na gesi kwa kupasua mwamba. Maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na dawa husukumwa chini kwa nguvu mpaka mwamba ufanye nyufa, na kilichomo kitoke. Mji wa Denton katika jimbo la Texas ulichoshwa na kazi hiyo kufanywa karibu na nyumba za watu. Mwezi wa Novemba 2014 wenyeji walipiga kura, na watu 59 hivi katika kila 100 wakasema ikomeshwe. Haikupita miezi saba. Mwezi wa Mei 2015 jimbo likatunga sheria kwamba yaliyo chini ya ardhi ni kazi ya jimbo. Miji iliachiwa mambo ya juu tu, kama vile kelele, taa na malori. Colorado nayo, mahakama kuu ya jimbo ilivunja katazo la miji miwili mwaka 2016, lakini mwaka 2019 sheria ikageuzwa, na miji ikapewa sauti kubwa zaidi. Basi hata huko shauri halijatulia.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kimeweka madini na mafuta mikononi mwa Serikali ya Taifa kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba hukupa udongo. Haikupi mafuta yaliyo chini yake. Mafuta ya Turkana yalipatikana mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1. Malori yalipoanza kuyapeleka Mombasa mwezi wa Juni 2018, wenyeji waliyazuia njiani, wakidai usalama na kazi. Sheria ya Petroli ya 2019 ilikata shauri la fedha: katika sehemu ya Serikali, kaunti hupata asilimia 20 na wenyeji asilimia 5.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Madini ya 2016 inahesabu hata mawe ya kujengea kuwa madini. Tembea mpaka Ndarugu, upande wa Juja, uone mawe yanavyokatwa kwa mashine ili kujenga majumba yanayomea palipokuwa na kahawa. Mawe yatakiwa, wala sisemi machimbo yafungwe. Lakini vumbi huanguka juu ya majani ya mboga, malori huharibu njia ya maziwa, na shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, ndama akazama, au mtoto.

Mkulima akienda kushtaki, chifu ni mtu wa Serikali ya Taifa na msimamizi wa wodi ni mtu wa kaunti. Kila mmoja aweza kumwelekeza kwa mwenzake, naye akapoteza siku mbili za palizi.

Maoni yangu ni haya. Ni haki mafuta na madini yawe ya taifa zima, maana mwamba haujui mpaka wa kaunti, na wataalamu wa kukagua visima virefu si wengi. Lakini maji, njia, vumbi na kufukia shimo ni mambo ya hapa hapa, na Katiba yenyewe imeipa kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji. Ingefaa kibali cha kuchimba kisitolewe mpaka kaunti iandike kwamba imeridhika, na fedha za kufukia shimo ziwekwe kwanza, kabla jiwe la kwanza halijatoka. Tena tusiisifu kaunti kupita kiasi. Kaunti hutoza ushuru kwa mawe na mchanga, na anayekula kwa kila lori ni mzito kulisimamisha.

Kwa hiyo jirani wa shimo asikae kimya. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ikitangaza kazi kubwa ya namna hii, pelekeni maoni kwa maandishi katika muda uliotajwa, mkiandika umbali wa visima vyenu na idadi ya mifugo inywayo hapo. Ikiwa leseni imekwisha kutolewa nanyi hamkuridhika, nafasi ya kukata rufani mbele ya Baraza la Mazingira la Taifa ni siku 60. Hesabuni tangu siku leseni ilipotolewa, msingoje mpaka mashine zifike.