Nyumba Husema Tabia ya Wenyewe

Watu husema kuwa nyumba huonyesha tabia ya wenyewe. Je, maneno hayo ni kweli? Mimi nasema ni kweli. Lakini lazima tujue mahali pa kutazama.

Wengi hutazama bati, saruji na viti vya sebuleni. Vitu hivyo huonyesha fedha, havionyeshi tabia. Mkarimu anaweza kukaa katika nyumba ya udongo, na mchoyo katika nyumba ya matofali.

Tabia huonekana katika mpango wa vitu. Mtu mwangalifu huweka panga lake juu, watoto wasilifikie. Mtu apendaye wageni huandaa mahali pao pa kukaa. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani za Lamu na Zanzibar zina baraza nje. Jirani hukaa hapo akazungumza.

Lakini tusiharakishe kumcheka mtu ambaye ua wake haukufagiwa. Labda ni mgonjwa, au ni mjane mwenye kazi nyingi. Huyo anahitaji msaada, hahitaji masengenyo.

Sasa ndugu msomaji, tuingie jikoni. Mara nyingi sebule ina madirisha mawili, lakini jiko halina hata moja. Mama hupika ndani ya moshi kila siku, na mtoto yuko mgongoni. Moshi wa kuni huharibu mapafu. Watoto wadogo wanaovuta moshi huo huugua kichomi kwa urahisi zaidi. Kutoboa dirisha katika ukuta wa udongo hakutaki fedha nyingi. Kunataka mtu anayewajali wenzake. Kwa hiyo jiko huonyesha tabia ya baba kuliko sebule.

Tabia yaweza kubadilika. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa Tanzania walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Hawakungoja utajiri.

Nasi tusingoje. Baba, leo jioni keti jikoni mpaka chakula kiive. Macho yakikuwasha, kumbuka kuwa mkeo huwashwa hivyo kila siku. Kesho shaurianeni mahali pa kutoboa dirisha, kisha fanyeni kazi hiyo pamoja.