Kalamu ya Gavana Mkononi mwa Rais

Wengi wetu tulifunzwa kanisani habari ya Mfalme Ahabu na Nabothi, aliyekataa kuliachia shamba la mizabibu la baba zake, akauawa, na shamba likatwaliwa. Hapa Kinondo habari hiyo haihitaji mhubiri. Hata majirani zetu wa msikitini wataitambua, maana waliopoteza mashamba walikuwa wao kwanza.

Tumezoea kuuliza ni nani aliye Rais. Leo twauliza kiti chenyewe kilirithi nini.

Chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ardhi ya ukanda huu wa Pwani ambayo haikudaiwa kwa maandishi ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Mdigo mwenye minazi na makaburi ya wazee wake, lakini asiye na karatasi, akawa skwota. Naye Gavana, kwa sheria ya mwaka 1915, akawa na uwezo wa kuigawa ardhi hiyo. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa Jamhuri, Mzee Jomo Kenyatta akawa Rais, na serikali za majimbo zikaanza kuvuliwa nguvu. Kalamu ya Gavana haikuvunjwa, ilipokezwa tu. Sura ya 280 ya Sheria za Kenya ilimruhusu Rais kuitoa ardhi ya serikali isiyogawiwa.

Nani angemzuia? Mwaka 1982 Kifungu cha 2A kiliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao, wakarudishiwa mwaka 1990. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, nasi tukashangilia, kwa haki kabisa. Lakini vyama vilikuja vingi na kiti kikabaki kilekile.

Ni Katiba ya mwaka 2010 iliyoikabidhi Tume ya Taifa ya Ardhi usimamizi wa ardhi ya umma, na mwaka 2012 ile Sura ya 280 ikafutwa.

Basi mbona Rais akija Pwani na hati, kama mwaka 2013, twazipokea kama sadaka? Hatumwonei kijicho aliyepata hati. Na alale usingizi wake. Ila mtu hapigi magoti kushukuru kwa kupewa shamba lake mwenyewe. Ndani ya Kaya Kinondo, ambayo wazee waliilinda kabla ya kuwapo Gavana wala Rais, hakuna mzee hata mmoja awezaye kumkatia rafiki yake kipande cha msitu.

Kwa hiyo twaomba jambo moja. Siku hati zitakapoletwa tena, orodha ya majina na nambari za viwanja isomwe kwanza barazani, mbele ya wazee, mashehe na wachungaji, wenye pingamizi wasikilizwe, ndipo ngoma zipigwe.