NYUMBA NA JAMAA: Risasi Isiyotoka Katika Bunduki

Betri ya gari ikifa, mali iliyomo haifi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, ambayo yaweza kuyeyushwa na kutumiwa tena mara nyingi bila kupungua ubora. Ndiyo sababu wanunuzi wa vyuma chakavu huzitafuta sana betri kuukuu za magari na za umeme wa jua.

Faida hiyo huwavuta wengine kuufanya ua wa nyumba kuwa kiwanda. Risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu za Selsiasi, hivyo jiko la makaa hutosha. Betri hupasuliwa kwa shoka, tindikali humwagwa ardhini, na sufuria huinjikwa motoni. Vumbi la risasi halina harufu ya kumwonya mtu. Mtoto atambaaye hulimeza kwa vidole vyake, na mwili wake hunyonya risasi mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Ubongo ukisha kudhurika, hakuna dawa ya kuurejesha ulivyokuwa.

Wakazi wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, waliyaona hayo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kando ya nyumba zao tangu 2007 hadi 2014, na watu wakadhurika, watoto miongoni mwao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha fidia hiyo. Walakini fedha haimrudishii mtoto afya yake.

Basi betri kuukuu isitupwe, wala isipasuliwe. Iwekwe wima, mahali pakavu, mbali na watoto, kisha iuzwe ikiwa nzima, pamoja na tindikali yake, kwa mnunuzi mwenye kibali. Gamba lake lisigeuzwe chombo cha maji, na sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi jikoni kamwe. Baba afanyaye kazi ya betri na aoge, abadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Askari hachezi na risasi ya bunduki mbele ya watoto wake. Hii ya betri haina mlio, lakini nayo hujeruhi.