Buibui Aliyejifungia Hajafa



Mwaka huu tumeonelea tusiandike juu ya kuchelewa darasani, jambo ambalo mmeshalisikia mpaka mmelichoka. Tunataka kusema juu ya zile chupa mlizozipanga dirishani mwa darasa la tatu.

Ndani yake mnafuga buibui. Si yule wa utando mkubwa wa pembeni mwa dari, bali yule mdogo wa ukutani mwenye macho manane, mawili ya mbele makubwa, anayemnyemelea inzi kama paka kisha akamrukia. Wataalamu humwita Plexippus paykulli, naye yumo majumbani katika nchi nyingi za joto. Baadhi ya walimu wenzetu wanataka chupa zitupwe. Hatukubaliani nao. Mtoto aliyezoea kumtazama buibui hambamizi kwa kandambili kila amwonapo, na hilo si dogo. Tena buibui hawa warukao wana faida zao: kandokando ya Ziwa Victoria yuko jamaa yao mmoja, Evarcha culicivora, ambaye hupendelea mbu walioshiba damu. Watafiti waliofanya kazi Mbita, Kenya, walilieleza hilo mwaka 2005.

Lakini na ninyi mna kosa, na kosa lenyewe limeshaua. Na sisi tumo.

Mtakumbuka mwezi wa Mfunguo Sita, baada ya Maulidi. Buibui wa chupa ya pili aliacha kula. Tumbo lilijaa, rangi ikafifia, kisha akajifungia ndani ya kifuko cha utando mzito chini ya kifuniko. Mkaja mbio: "Maalim, anaumwa!" Nasi kwa kutokujua tukawaambia mtieni nyenje, huenda ni njaa. Kifuniko kikafunguliwa, utando ukachanika, nyenje akaachwa mle usiku kucha. Asubuhi tukamkuta amekufa, miguu miwili imenasa katika ngozi ya zamani.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajivua gamba.

Buibui hana mifupa; ngozi yake ya nje ndiyo inayomshikilia, nayo haitanuki kwa kadiri anavyokua. Basi huota nyingine laini chini yake, kisha huipasua ile ya juu na kuchomoa miguu yote minane, kama mtu anayevua kanzu iliyombana. Akishatoka huwa mweupemweupe na laini, hata chonge zake hazina nguvu. Saa hiyo nyenje aliye chakula chake anaweza kumtafuna yeye. Ndiyo maana hujificha, na ndiyo maana hali. Anaweza kukaa ndani siku chache, au wiki mbili na zaidi.

Kazi yenu basi ni ndogo, na ndiyo inayowashinda: kumwacha. Toeni mdudu yeyote aliyebaki chupani, kama mnaweza bila kugusa utando. Kwa kuwa hupenda kujenga juu kabisa, chupa ya kufunguliwa juu haifai. Igeuzeni tangu mwanzo, mfuniko uwe chini na vitobo vya hewa ubavuni. Tone moja au mawili ya maji ubavuni, mbali na kifuko, kwani hewa ikikauka mno ngozi hunasa. Chupa isikae juani (dirisha lile linapigwa na jua mpaka adhuhuri, tulikuwa wapi sote?). Mkiona kiwiliwili kikavu kimelala chini msilie. Aghlabu ni gamba tupu. Mngojeeni atoke mwenyewe na chonge ziwe nyeusi, ndipo mumpe inzi. Na jike mpevu akijifungia huenda analinda mayai. Naye mwacheni.

Kuna aliyetuambia, "Maalim, ni buibui tu, wako wengi ukutani." Ni kweli wako wengi. Ila wa ukutani hujichagulia ufa wenye kivuli na unyevu, na huyu wa chupani hana pengine ila pale ulipomweka wewe. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka mnaijua: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kufuga hakukukatazwa kwa mwenye kutimiza haki ya anayemfuga. Asiyeweza kuzuia mkono wake wiki mbili amwachilie buibui leo, kabla hajajifungia.

Tunapoandika haya, yule wa chupa ya nne amejifungia tangu Jumamosi. Chupa tumeihamishia ofisini, juu ya kabati la madaftari. Mwenye kutaka kumwona aje baada ya Alasiri, atazame kwa macho, mikono nyuma.