Usukani Haupelekwi Nairobi

Jamani, kuna sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia katika gereji za huku kwetu, kuanzia Embu mjini mpaka Makutano ya Meru: "Gari hii ni ya kompyuta, peleka Nairobi." Vitufe vya redio kwenye usukani vimekataa? Ni kompyuta. Honi hailii? Kompyuta. Taa ya mfuko wa hewa haizimiki? Kompyuta hiyo, mzee, hapa hatuiwezi.

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo naomba niitetee kompyuta kwa kuwa yenyewe haina mdomo. Inasingiziwa! Kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Mtu anachoma mafuta kwenda na kurudi, analala mjini, analipa "dayagnosisi", na yote hayo kwa sababu ya hitilafu ambayo mwanafunzi wa fizikia wa sekondari angeipata kwa mita ya mkononi. Kanuni inayohitajika aliichapisha Georg Ohm mwaka 1827. Wakati huo hata gari lenyewe halikuwepo.

Tuangalie kilichomo ndani ya usukani.

Katika Toyota nyingi tulizo nazo, zile Probox, Fielder na Premio zinazoshuka Mombasa kutoka Japani, vitufe vya redio havitumi ujumbe wowote wa kompyuta. Kila kitufe kina ukinzani wake, na vitufe kadhaa hutumia kwa pamoja waya mmoja wa ishara na mwingine wa kurudishia. Ukibonyeza kutafuta stesheni mbele, ukinzani ni karibu sifuri. Kutafuta nyuma ni kama ohm 330. Kuongeza sauti, kama 1,000. Kupunguza sauti, kama 3,110. Usipobonyeza chochote, kama 100,000. Namba hutofautiana kati ya modeli na modeli, lakini utaratibu ni huo. Redio inapima, inalinganisha na jedwali lake, inatenda. Basi.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kitufe cha kutafuta nyuma kimeingia vumbi na chai, kikaongeza ohm 670 za uchafu. 330 na 670 ni ngapi? 1,000. Redio inasoma "ongeza sauti". Mwenye gari anabonyeza arudishe stesheni, sauti inapanda, anaambiwa redio imeharibika, anauziwa redio mpya. Redio ya zamani ilitii ilichosikia. Kilichohitajika ni pamba na spiriti ya kusafishia.

Kitu cha pili ni utepe. Usukani unazunguka, nyaya hazitaki kusokotwa, kwa hiyo nyuma ya usukani kuna utepe mwembamba wa nyaya ulioviringishwa ndani ya kikasha cha plastiki. Dukani ulizia spairo kebo. Humo ndimo zinamopita nyaya za vitufe, za honi na, sikiliza vizuri, za mfuko wa hewa wa dereva.

Kwa hiyo usukani wenyewe unakueleza ugonjwa wake, ukiuliza kwa mpangilio:

1. Kitufe kimoja tu kimekufa? Tatizo liko kwenye kitufe. Usiguse kingine.

2. Vitufe vyote vimekufa, lakini honi inalia na taa ya SRS imezimika kama kawaida? Je, redio ilibadilishwa karibuni? Mara nyingi aliyeifunga hakuunganisha nyaya za vitufe, au hakuifundisha redio mpya kuvitambua.

3. Honi peke yake? Anza na fyuzi na rilei. Ni dakika tano.

4. Vitufe, honi na taa ya SRS vyote kwa pamoja? Mshukiwa wa kwanza ni utepe.

Halafu thibitisha. Chomoa plagi ya vitufe nyuma ya redio, weka mita kwenye ohm, bonyeza kila kitufe usome namba, huku mwenzako akizungusha usukani polepole. Namba zikirukaruka usukani unapozunguka, utepe umekatika. Umejua bila kununua spea hata moja. Mita yenyewe unaipata kwa bei isiyofikia lita kumi za petroli.

Lakini mafundi wengi hawapimi. Wana taa ya testa na bahati. Wanabadilisha redio, haikupona. Wanabadilisha vitufe, haikupona. Wanabadilisha utepe, imepona, na mteja analipia vyote vitatu. Katika kazi yangu mtu akirekebisha programu kwa kubadilisha mistari ovyo mpaka itii, tunamwambia hajui anachofanya. Kwa nini kwenye gari tunamwita mtaalamu?

Tena mara nyingine gereji ndiyo iliyoukata utepe. Barabara zetu zinaua raki za usukani, kwa hiyo raki zinashushwa kila siku. Fundi anaachanisha shafti bila kufunga usukani ukiwa katikati, usukani unazunguka huru, na gari linaporudishwa barabarani utepe unafika mwisho kabla ya usukani na kukatika. Mwezi mmoja baadaye gari hilohilo linaambiwa lina "shida ya kompyuta".

Hayo ni ya pesa. Lililonifanya niandike ni la uhai.

Kuna mafundi ambao, taa ya SRS ikikataa kuzimika, hawatafuti kwa nini. Wanatoa balbu. Au wanaunganisha rizista ya ohm mbili au tatu mahali pa mfuko wa hewa, ili kisanduku cha SRS kidhani mfuko upo na ni mzima. Taa inazimika, mteja anashukuru, anateremka Chuka kuelekea daraja la Nithi akiamini ana kinga. Hana. Mwenye taa inayowaka angalau anajua. Huyu amelipa pesa yake ili adanganywe.

Unaweza kujipima leo. Washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya SRS inapaswa kuwaka sekunde kama sita, kisha izimike. Isipowaka kabisa, uliza nani ameigusa. Rizista ya ujanja hutaigundua hivyo, kwa hiyo dai kuonyeshwa spea iliyotolewa.

Na fundi, tafadhali: kabla ya kufungua usukani toa waya hasi wa betri, ungoje angalau sekunde 90. Usipime kamwe kwa mita plagi za manjano za mfuko wa hewa, kwa maana hata umeme mdogo wa mita waweza kuulipua usoni pako.

Wapo watakaosema namwonea fundi, na kwamba Wajapani hawakosei. Mwaka 2014 Toyota yenyewe iliita magari takriban milioni 3.5 duniani kwa ajili ya utepe huohuo, kwa hofu kwamba ukiharibika mfuko wa hewa hautafunguka. Basi ni kitu kinachokufa, na kinajulikana kuwa kinakufa.

Tena watengenezaji nao wana lawama yao. Kile kisomaji cha bei rahisi unachochomeka na kusoma kwa simu kwa kawaida husoma kodi za injini, zinazoanza na P. Kodi za SRS huanza na B, na kuzifikia kunahitaji vifaa na programu ghali zaidi. Kule Massachusetts, Marekani, wapiga kura walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru habari za matengenezo. Nasi tudai hivyo. Lakini kufungiwa kodi za B si kisingizio cha kutopima rizista.

Meru kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia na chuo cha kitaifa cha ufundi. Embu kuna chuo kikuu. Vijana wanaojua kutumia mita wamejaa, na wengi hawana kazi. Mpe mmoja kiti gerejini.

Nawe mwenye gari, fundi akikwambia "ni kompyuta", muulize swali moja tu: umepima ohm ngapi? Akikosa namba, chukua ufunguo wako uende kwa mwenye namba. Yuko karibu kuliko Nairobi.