Amani ya Rwanda na Ujira wa Mhudumu

Ndugu wafanya kazi, wakuu wa afya wa Rwanda twawasifu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 jirani alimwogopa jirani. Katika mpango ulioanzishwa 1995, wanakijiji huchagua wenyewe wahudumu wa afya miongoni mwao, na baadaye hao wakafundishwa hata kutibu watoto malaria na kuhara. Kumkabidhi jirani mtoto mgonjwa usiku si jambo dogo katika nchi ile! Sisi twaiita hiyo kazi ya amani. Lakini wahudumu hao, zaidi ya 45,000, hawana mshahara. Hupata fungu tu kupitia vyama vyao vya ushirika. Mganga Mkuu hulipwa kila mwezi. Na hawa, je? Walipwe.